Tusiuue mvinyo wa Montalcino kwa joto la Malindi

Kwa Mhariri,

Hakuna mji wa Kenya uliozoea meza ya Kiitaliano kama Malindi. Tangu Waitaliano walipoweka kituo chao cha anga cha San Marco kule Ngomeni miaka ya 1960, wamekuja, wamejenga, wamefungua mikahawa, na leo weita wa hapa anachukua oda kwa Kiitaliano bila kugugumia. Pasta inaiva inavyotakiwa. Kahawa inakamuliwa inavyotakiwa. Kinachoharibika kila msimu wa wageni, na kwa hasara kubwa, ni chupa ya mvinyo mwekundu wa mashamba ya zamani yenye jina. Inafunguliwa mezani ikiwa na joto la nyuzi 29 au 30 za Selsiasi, mgeni anaonja, anakunja uso, na lawama zote anatupiwa aliyeutengeneza.

Tunaandika tukiwa watu wa kazi hii ya ghala na meza. Tunajua kwamba wasomaji wengi wa pwani hawanywi, na barua hii haimwiti mtu kunywa. Lakini vijana wengi wasiokunywa ndio wanaopokea makasha, ndio wanaopanga chupa, ndio wanaozifungua na kumimina, mahotelini na kwenye nyumba za wageni kuanzia Watamu hadi Mambrui. Chupa ya aina hii inaweza kutunzwa na kuhudumiwa kwa ufundi kamili na mtu ambaye ulimi wake haujagusa hata tone. Jicho, mkono na pua vinatosha.

Tuchukue mvinyo mmoja ambao aliyeweza kuutunza hashindwi na mingine ya jamii yake: Brunello di Montalcino, na hasa ule wa shamba la Greppo, la ukoo wa Biondi-Santi. Montalcino ni mji mdogo juu ya kilima, kusini mwa Siena katika mkoa wa Toscana. Katikati ya karne ya 19 aliishi pale Clemente Santi, na mvinyo wake mwekundu wa mwaka 1865 ulituzwa katika maonyesho ya kilimo ya Montepulciano mwaka 1869. Mjukuu wake kwa bintiye, Ferruccio Biondi Santi, aliyewahi kupigana chini ya Garibaldi, jemadari wa vita vya kuunganisha Italia, ndiye aliyeifuata njia ambayo wengi hawakuitaka. Desturi ya Toscana ilikuwa kuchanganya zabibu, hata nyeupe, upatikane mvinyo mwepesi wa kunywewa mapema. Ferruccio aliteua mizabibu bora ya Sangiovese, akaizalisha, akatengeneza mvinyo wa zabibu hiyo peke yake na kuulaza miaka mingi ndani ya mapipa makubwa ya mwaloni. Mavuno ya 1888 ndiyo yanayohesabiwa kuwa Brunello ya kwanza ya nyumba hiyo.

Mwanawe, Tancredi, ana jambo ambalo kila mtunza ghala anapaswa kulijua. Mwaka 1927 alianza kazi ya kujazia chupa za zamani. Chupa iliyolala miongo kadhaa hupungua, kwa sababu kizibo huachia kidogo kidogo, na pengo la hewa shingoni likiwa kubwa mvinyo huchakaa. Basi chupa ilifunguliwa, ikanuswa na kuonjwa, na iliyokuwa nzima ikajaziwa mvinyo wa mwaka uleule, wala si mwaka mwingine, kisha ikazibwa kwa kizibo kipya. Iliyokuwa imeharibika haikuokolewa. Ndiyo maana kuna Riserva za nyumba hiyo, yaani Brunello teule zinazolazwa muda mrefu zaidi, zilizokaa zaidi ya nusu karne na bado zikanyweka. Mwaka 1969 Rais Giuseppe Saragat wa Italia alimwandalia Malkia Elizabeth chakula katika ubalozi wa Italia mjini London, na Riserva ya 1955 ndiyo iliyowekwa mezani. Tangu hapo jina la Brunello likavuka mipaka. Franco, mwana wa Tancredi, aliiendesha Greppo kwa njia ya wazee wake hadi alipofariki mwaka 2013. Mwishoni mwa 2016 umiliki ulipita kwa kampuni ya EPI ya Ufaransa, ingawa jina la ukoo limebaki kwenye lebo.

Huko Greppo, enzi za Franco, umri wa mzabibu ndio uliokuwa ukiamua jina la mvinyo. Riserva ilitoka kwa mizabibu iliyopita miaka 25, Brunello ya kawaida kwa ile ya kati ya miaka 10 na 25, na michanga ilitoa Rosso di Montalcino, mvinyo mwepesi zaidi wa kunywewa mapema. Mzabibu mzee huzaa kidogo, lakini zabibu zake zina nguvu. Kwa Montalcino nzima sheria ni hii: Brunello ni Sangiovese asilimia 100, hukaa kwenye mapipa ya mwaloni angalau miaka miwili, kisha chupani angalau miezi minne, sita kwa Riserva, na haiuzwi kabla ya Januari mosi ya mwaka wa tano baada ya mavuno, wa sita kwa Riserva. Mavuno ya 2019, kwa hivyo, hayakuruhusiwa kutoka kabla ya Januari 2024, na Riserva yake kabla ya Januari 2025. Mwaka 1980 mvinyo huu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa Italia kupewa daraja la juu, DOCG, na ndiyo sababu kila chupa halali ina ukanda wa serikali wenye nambari shingoni. Mnunuzi wa hoteli akiletewa "Brunello" isiyo na ukanda huo airudishe palepale.

Miaka mitano ya subira ndani ya ghala la baridi, halafu wiki tatu kwenye stoo ya mabati Malindi zinatosha kuiua. Hapo ndipo tunapoumia.

Chanzo cha makosa mengi ni ushauri wa kizamani kwamba mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba cha kulia kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Ukumbi wa Malindi mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea na kusi haijaingia, hauko hivyo hata saa nne usiku. Brunello ina kilevi cha asilimia 13 hadi 14 na zaidi. Ikifika nyuzi 28 kilevi hicho huruka juu na kuchoma pua kabla ya kitu kingine chochote. Harufu ya cheri, ya majani makavu, ya tumbaku na ngozi, ambayo ndiyo iliyolipiwa, hufunikwa kabisa, na mdomoni mvinyo hulegea ukawa kama mchuzi uliopoa. Wengine hukimbilia friji ya jikoni na kuutoa na nyuzi 6. Hilo nalo ni kosa, maana baridi kali hufunga harufu na kuifanya tanini, ile dutu ya ganda la zabibu inayokausha mdomo, ikauke ulimini na kuwa chungu. Kipimo sahihi ni nyuzi 17 au 18 mdomoni. Kwa kuwa glasi hupata joto haraka hapa kwetu, mimina ukiwa na 15 au 16.

Njia ya haraka ni ndoo yenye barafu nusu na maji nusu. Barafu peke yake huigusa chupa mahali pachache tu, maji ndiyo yanayoizunguka na kuipoza. Chupa ya nyuzi 29 huhitaji dakika 12 hadi 15 hivi. Friji ya kawaida huchukua muda mrefu zaidi; ikipoa inavyotakiwa, itoe. Usikisie. Kipimajoto cha jikoni chenye sindano hakina gharama kubwa: mimina kidogo kwenye glasi, tumbukiza, soma. Glasi ya pili na ya tatu ni za kuangaliwa pia. Mimina kiasi cha mililita 100 kila mara, si kujaza hadi ukingoni, na chupa irudi mahali pa baridi. Chupa iliyoachwa kwenye meza ya bustanini chini ya taa inapanda hadi nyuzi 24 kabla nyama haijaletwa.

Kuhifadhi ni kazi kubwa kuliko kupoza, kwa sababu mvinyo uliopikwa na joto hauponi hata uutie barafu ya Malindi yote. Ghala linalofaa lina nyuzi 12 hadi 15. Wachache wanalo hapa, tunakubali. Lakini chumba chenye nyuzi 18 usiku na mchana ni bora mara nyingi kuliko chumba cha nyuzi 16 mchana ambacho kiyoyozi chake kinazimwa usiku ili kubana bili ya stima. Joto likipanda, mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo nje. Likishuka, hujikunja na kuvuta hewa ndani. Chupa inayopanda na kushuka hivyo kila siku inapumua, na hewa ndiyo inayouchosha mvinyo. Katika nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, chumba cha ndani cha ghorofa ya chini, kisicho na dirisha la magharibi, tayari kina nafuu ya nyuzi kadhaa kabla ya mashine yoyote. Kiyoyozi kidogo hapo kitafanya kazi kwa urahisi, na stima ikipotea saa mbili tatu kuta zitalinda. Mahali pa kuepuka kabisa ni karibu na jenereta, maana kuna joto na kuna mtikisiko unaochafua mashapo, pamoja na juu ya kabati la jikoni na dari ya mabati.

Chupa zilazwe, lebo juu, ili kizibo kibaki kimelowa. Unyevu wa pwani husaidia vizibo visikauke lakini huotesha kuvu kwenye karatasi, na mgeni anayelipa bei ya Riserva anataka kuiona lebo. Zungushia chupa nailoni nyembamba, imetosha. Friji ya kawaida ya jikoni, kinyume chake, hukausha hewa, hivyo si mahali pa kuhifadhia kizibo cha gamba la mti kwa miezi.

Safari nayo isisahauliwe. Mvinyo unashuka Kilindini, unasubiri ndani ya kontena, kisha unaletwa kilomita 120 hivi hadi hapa. Mwagizaji aulizwe kama kontena lilikuwa la baridi, na gari la Mombasa liondoke alfajiri, si saa sita mchana na turubai jeusi juu. Mzigo ukifika, kabla ya kutia sahihi, fungua kasha na toa chupa mbili tatu. Shika ganda la bati lililofunika shingo ulizungushe taratibu. Aghalabu huzunguka; likiwa limegandia, huenda mvinyo umevuja chini yake. Pitisha kidole kwenye ukingo usikie kama kuna utando wa kunata. Tazama kizibo kama kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, hata kwa milimita moja. Inua chupa kwenye mwanga: kwa mvinyo wa miaka mitano hadi kumi, ukingo wa mvinyo unapaswa kuwa ndani ya shingo, si kwenye bega. Ukikuta dalili mbili pamoja, mzigo huo umepigwa na joto. Ukatae kwa maandishi.

Kufungua hakutaki nguvu. Chupa yenye umri isimamishwe wima siku moja au mbili mahali pa baridi ili mashapo yatue chini. Kata ganda chini ya mdundiko wa pili wa mdomo, si juu yake, ili mvinyo usiguse bati. Futa mdomo kwa kitambaa safi. Ncha ya kizibuo iingie katikati kabisa, na msokoto ubaki mmoja nje, kwani ukiuzamisha wote utatoboa chini na kumwaga vumbi la kizibo ndani. Vuta kwa hatua mbili, na sehemu ya mwisho ikitokeze kwa mkono, kimya, bila mlio. Kwa kizibo cha miaka 30 au zaidi, msokoto hukivunja. Tumia kile kizibuo cha bapa mbili zinazoteremka pembeni kati ya kizibo na kioo.

Kisha hewa. Franco Biondi Santi alipendekeza chupa zake zifunguliwe muda wa saa nane hivi kabla ya kunywa, zipunguzwe kidogo hadi mvinyo ushuke kwenye bega ambako uso wake ni mpana, ziachwe zitulie. Ushauri ni mzuri, na ukifuatwa hapa neno kwa neno utaleta msiba, kwa sababu saa nane wazi katika nyuzi 30 si mapumziko, ni njia ya kwenda kwenye siki. Fanya hivyo ndani ya chumba cha nyuzi 16 hadi 18 tu. Kama hakuna chumba hicho, Brunello changa imiminwe kwenye jagi la kioo lenye tako pana, jagi likae ndani ya beseni la maji ya baridi yenye vipande vichache vya barafu, saa moja hadi mbili. Ya zamani sana usiitie kwenye jagi pana hata kidogo. Harufu yake ni nyepesi na huondoka upesi. Imimine polepole, tochi ikimulika shingo kutoka chini, na uache mara uonapo mkia wa mashapo ukikaribia.

Sasa pua, ambayo ndiyo silaha ya weita asiyekunywa. Mvinyo ukinuka boksi lililolowa au chumba kilichofungwa na kuota kuvu, kizibo kimeutia doa. Kosa hilo halitokani na hoteli wala haliondoki kwa kuuacha upate hewa. Badilisha chupa bila mabishano. Ukinuka siki au dawa ya kuondolea rangi ya kucha, umeingiwa na hewa na bakteria. Ukinuka matunda yaliyochemshwa na sukari iliyoungua, na rangi ikawa kahawia wakati lebo inasema una miaka saba tu, huo umepikwa na joto, na hapo hoteli ijiulize. Lakini rangi isikudanganye upande wa pili: Sangiovese haina weusi wa zabibu nyingine. Brunello nzuri ina wekundu unaopenya mwanga, na ikizeeka ukingo wake huelekea rangi ya chungwa. Tumewahi kusikia ikiitwa dhaifu kwa sababu hiyo. Nguvu yake iko kwenye asidi na tanini, na ndiyo iliyoibeba 1955 hadi leo.

Nguvu hiyo ndiyo inayochagua chakula pia. Tanini hushikamana na mafuta na protini ya nyama, kwa hivyo kwao huliwa na ng'ombe wa makaa, nguruwe mwitu, jibini la kondoo lililokomaa. Hapa kwetu mbuzi wa kuchoma kwa chumvi tu anaipokea vizuri sana, hasa mbavu zenye mafuta. Pilau ya nyama yenye bizari nzima na mdalasini nayo inakubali, mradi kachumbari isiwe na pilipili. Pilipili huongeza mwako wa kilevi na kuufanya mvinyo uonekane mkali kuliko ulivyo. Samaki wa kupaka ni chakula cha heshima, lakini mafuta ya samaki na tanini vikikutana huacha ladha ya chuma mdomoni. Mgeni aongozwe kwenye mvinyo mweupe. Na asipewe Brunello pamoja na kitamutamu. Sukari huugeuza mchungu papo hapo.

Tunachowaomba wenye mikahawa na nyumba za wageni kabla ya Desemba ni kidogo. Asiye na chumba cha baridi asinunue Brunello; aweke Rosso di Montalcino au Chianti changa, mwekundu mwingine wa Toscana, zinunuliwe kasha moja moja, zitoke ndani ya wiki chache, na zihudumiwe zikiwa na nyuzi 15 au 16. Wageni watafurahi na hasara itakuwa ndogo. Aliye na chumba anunue vipimajoto viwili, kimoja cha ukutani na kimoja cha glasi, na daftari la kuandika joto asubuhi na jioni, ili stima ikipotea usiku ijulikane ilipotea kwa muda gani. Weita apewe idhini ya kunusa kila chupa kabla haijafika kwa mgeni na kuirudisha ghalani anapoitilia shaka, bila kukatwa mshahara. Pale anapotishiwa kukatwa, atamimina mvinyo mbovu akiujua kuwa mbovu, na hakuna lebo ya Greppo wala ya pengine itakayomwokoa mwenye mkahawa hapo.

Wenu,
Watunza ghala na wahudumu wa mvinyo,
Malindi